Jina Lisiloitikiwa

Kabla hawajafika getini, Garikai alikuwa ameshamtisha mtoto. Hakukusudia ubaya. Alitaka tu Rudairo, binti yake wa miaka minane asiyejua kutulia, asimwache hata hatua tano ndani ya msitu wa serikali wa Nyamusosa. Na silaha ya mzazi mvivu ni hofu.

"Ruda, sikia," alimwambia huku akiendesha gari. "Humo msituni kuna sauti zinazoita watu kwa majina. Ukiitika tu, umekwenda. Hurudi."

"Hata ukiniita wewe, baba?"

"Zinaweza kuiga hata sauti yangu. Kwa hiyo ukae karibu, nisipate sababu ya kukuita."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walishasema. Lakini nani wa kumwambia hayo mwanamume wa mjini Mutare aliyevaa buti mpya za kupandia milima?

Getini walipokewa na mlinzi wa msitu, mzee mmoja mkavu aliyeitwa Sekuru Muchadei, yaani Babu Muchadei. Alichutama, akapiga makofi taratibu, akiwaombea wageni njia kwa wenye msitu waliolala humo tangu enzi za mababu. Rudairo naye akachutama na kumwitikia kwa makofi ya kike, viganja vimekunjwa kama kikombe, vile alivyofundishwa na marehemu bibi yake. Garikai alibaki wima akitazama simu.

"Sekuru, sisi tumekuja kula kuku na kuona maporomoko," alisema. "Hatujaleta posa."

"Sawa, baba," mzee akajibu. "Wenye msitu hawana haraka."

Walikula chini ya mkangazi mnene ambao watu sita wasingeweza kuukumbatia. Kuku alikuwa mtamu, na maheu, kile kinywaji kichachu cha mahindi, bado ya baridi. Ndipo Garikai akaona ndege mwenye mabawa mekundu, akamfuata na simu yake, mti huu, mti ule, pengine kwa dakika tano. Ukungu ukashuka kutoka mlimani kama mtu aliyeteremsha pazia. Alipopapasa njia na kurudi, alikuta kikapu, mifupa na chupa ya maheu. Mtoto hakuwapo.

"Ruda!"

Aliuzunguka mkangazi wote, akachungulia nyuma ya mizizi.

"Rudairo! Usinichezee, mwanangu!"

Maji ya maporomoko yalinguruma mahali fulani upande wa kushoto. Garikai alikumbuka korongo walilolipita wakija, lenye kibao cha onyo chenye picha ya fuvu. Alikimbia kuelekea sauti ya maji, akajikwaa kwenye mzizi, akaamka, akaita. Kila alipoita alinyamaza kusikiliza, na kila aliponyamaza moyo wake ulipiga kwa kishindo hata akashindwa kusikiliza. Aliita mara ishirini. Kisha yale maneno yake ya kwenye gari yakamrudia, neno kwa neno. Alikuwa amemfunga mtoto mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Garikai hakuwa mtu wa kulia. Mwaka juzi alipomzika mama yake alisimama kaburini na macho makavu, na wajomba wakamsifu mbele ya watu wote, Rudairo akiwa amemshika mkono. Sasa alipiga magoti kwenye matope akalia kwa sauti, akiita jina la mtoto katikati ya kilio, bila kujali nani anamsikia.

Sekuru Muchadei ndiye aliyemsikia. Alitokea ndani ya ukungu na fimbo yake.

"Mtoto kapotea?"

"Haitiki, Sekuru! Nilimwambia asiitike! Nilimwambia msitu unaita watu kwa majina."

Mzee aliegemea fimbo yake. "Ulimwambia wewe? Wewe uliyekuja kula kuku?"

"Nilikuwa namtania."

"Kumbe. Na mimi leo asubuhi pale getini, ulidhani nacheza?" Aliweka fimbo chini. "Nyamaza sasa. Kelele zako zinamtisha. Chutama."

Garikai alichutama. Mzee akaanza kupiga makofi, viganja vimenyooka, polepole, akiwaomba radhi wenye msitu kwa ajili ya mgeni asiyejua adabu. Garikai naye alipiga, makofi yake yakichelewa nyuma ya yale ya mzee. Walipiga, wakaacha.

Kutoka ndani ya ukungu, karibu mno, makofi yakawajibu.

Garikai aliinuka nusu. Alitaka kukimbia, nami simlaumu. Wenye msitu wamejibu, aliwaza. Wamemchukua, na sasa wananiaga. Alimshika mzee mkono kwa nguvu.

"Sikiliza vizuri," mzee alinong'ona. "Ya kiume hayo?"

Hayakuwa ya kiume. Yalikuwa mazito, ya viganja vilivyokunjwa, na ya mikono midogo.

Walimkuta hatua kumi tu kutoka walipokuwa, amejibanza ndani ya pango la mti mkavu, magoti kidevuni, midomo imekuwa ya kijivu kwa baridi. Nyuma ya mti huo ardhi ilikatika, na chini kulikuwa na ukungu na mngurumo wa maji. Garikai alimvuta, akamfumbata, akahisi mwili wote wa mtoto umekakamaa kama ubao. Rudairo hakumkumbatia. Alikuwa akimtazama mzee.

"Sekuru, huyu ndiye kweli?"

"Ndiye, mjukuu wangu. Kwa nini umeitikia makofi?"

"Bibi alisema ukisalimiwa na mkubwa usikae kimya."

"Mimi ni baba yako, Ruda!" Garikai alisema. "Nilikuita nikiwa hapo tu. Hukunisikia?"

"Nilikusikia. Nikataka kutoka." Mtoto alimgusa shavu kwa kidole kimoja, pale lilipokuwa bado limelowa, kisha akautoa upesi mkono wake. "Halafu nikasikia unalia. Nikajua siyo wewe."