Chanzo cha Kwanza: Susana, Jikoni

Jumapili, saa kumi na mbili kasoro dakika nne jioni, Tabea aliketi kwenye kigoda nje ya chumba alichopanga Sombetini, makande yakichemka kwenye jiko la mkaa, akatuma insha yake ya kwanza. Mwisho wa kupokea kazi ulikuwa saa kumi na mbili kamili. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mwalimu wa chekechea huko Lemara, na chuo alichojiunga nacho hakuwahi kukiona hata geti lake. Alikijua kwa bando tu.

Kozi iliitwa Stadi za Uandishi, mwaka wa kwanza. Kila Jumatatu Mwalimu Eliud aliweka usomaji wa wiki, kurasa nane au kumi, pamoja na swali la kujadili kwenye kundi. Wiki ya kwanza walisoma namna ya kujenga aya. Wiki ya pili walisoma namna ya kumfanya msomaji apaone mahali. Ndipo likaja zoezi lenyewe: eleza mahali unapopafahamu vyema, maneno mia sita, yawe maneno yako mwenyewe.

Tabea hakutafuta mbali. Aliandika kuhusu shamba la bibi yake, Susana, mlimani Meru juu ya Tengeru: migomba, kahawa chini ya migomba, mfereji unaopita upande wa juu, na masale yaliyosimama mpakani. Wameru hawahangaiki na uzio mahali penye isale. Mmea ule ukishapandwa, mpaka umekwisha kusema. Shamba hilo Bibi Susana alimwachia yeye, kwa mdomo, kama watu wa rika lake walivyoachiana. Bibi alipozikwa, baba mdogo wa Tabea, Gadiel, aliyang'oa masale na kuyapanda upya upande wa pili, na shamba likawa lake. Wazee wa ukoo walipoulizwa walisema hawakumsikia marehemu akitamka lolote. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita, na Tabea bado alilitaka shamba lile kama alivyolitaka siku ya matanga.

Katika insha hakutia neno la dhuluma. Zoezi lilitaka mahali, naye akaandika mahali, akamalizia kwa sentensi aliyoionea fahari kuliko zote: "Mpaka hauna miguu."

Ripoti ilirudi Jumatatu asubuhi. Kila kazi ilipitishwa kwanza kwenye mtambo wa chuo unaosaka maneno yaliyonakiliwa, na mtambo ule haukuwa na ndugu wala jirani wa kumwonea haya. Asilimia themanini na moja ya insha ya Tabea ilikuwa imepakwa rangi nyekundu. Alijua hakunakili popote, kwa hiyo akashuka chini kutazama vyanzo.

Chanzo cha kwanza, asilimia sabini na tano: Susana, mjane wa Melkizedeki. Mazungumzo, jikoni, Agosti 1994. Lugha: Kimeru. Msikilizaji: mjukuu, miaka minane.

Alipokigusa kikafunguka, na maneno ya bibi yakawa pale mstari kwa mstari: mfereji, kahawa, na masale yote kumi na manane. Tabea alikuwa ameandika kumi na sita, na hapo mtambo haukupaka rangi. Mwishoni bibi alisema, "Hili ni lako, Tabea, usije ukasahau." Mtambo uliongeza kuwa kwa nyuma ng'ombe alisikika akicheua.

Chanzo cha pili, asilimia sita: Gadiel, mwana wa Susana. Chumbani, Jumanne, Machi 2010. Msikilizaji: mama yake, siku chache kabla ya kufariki. Mashahidi: hakuna. Palikuwa na mistari miwili tu. "Nimesikia, mama. Shamba ni la Tabea, nitalilinda. Mpaka hauna miguu."

Tabea alisoma mara tatu. Kwanza iliuma kwamba sentensi ile nzuri haikuwa yake. Halafu likaja lile lingine, kwamba baba mdogo alijua tangu mwanzo, likauma zaidi, na siku hiyo alichelewa kazini.

Mwalimu Eliud aliandika maoni mafupi, kwa kuwa alikuwa na insha themanini za kusahihisha. "Vyanzo vyako ni halali ila hukuvitaja. Mazungumzo ya mdomo hutajwa kwa jina, mahali na tarehe. Chanzo kilicho hai kiombwe ridhaa kwa maandishi. Rekebisha, utume tena Jumapili."

Lesian, dereva bodaboda wa hapo Sombetini aliyekuwa naye kundi moja la majadiliano, hakuona tatizo. Insha yake mwenyewe ilirudi na asilimia arobaini, chanzo kikiwa baba yake akiita ng'ombe.

"Mimi nilimpigia mzee simu, akaridhia," alisema. "Wewe twende tu kwa baba mdogo, dada. Jumamosi nakupeleka."

Jumamosi walipitia Sokon One kuchapisha ripoti, kurasa nne, kisha wakashika barabara ya Moshi hadi Tengeru na kupanda mlimani. Gadiel walimkuta barazani akichambua maparachichi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sitini na nane, mpole wa sauti. Nyuma yake, pale ilipokuwa kahawa, miparachichi ilisimama kwa safu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mjini hawajambo?"

"Hawajambo. Nimeleta kazi ya chuo. Mwalimu anataka ridhaa yako."

Gadiel alivaa miwani na kusoma kurasa zote nne bila haraka, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye chanzo cha pili alirudi juu akasoma tena.

"Hapa wamekosea," alisema. "Haikuwa Jumanne. Ilikuwa Jumatano, nilikuwa nimetoka kwenye ibada ya jumuiya."

"Na mengine?"

"Mengine ni sawa. Ndivyo nilivyomwambia."

Akaomba kalamu, akaisahihisha siku, akatia sahihi kuwa ameridhia. Tabea alisubiri amalize.

"Basi masale yarudi mahali pake, baba mdogo."

Gadiel alivua miwani na kuikunja. Aliinuka, akatembea hadi kwenye mpaka, huu wa sasa, akachuma jani moja la isale. Akalifunga fundo huku akirudi, akainama kidogo, akamnyooshea Tabea kwa mikono miwili.

Mlimani, anayeletewa isale amekwisha kufungiwa njia. Aliyekosa ameomba, na aliyekosewa hana budi kusamehe. Kulikataa jani lile ni kujiitia balaa, na waliowahi kulikataa bado wanatajwa kwa majina. Isale haliulizi kama kilichochukuliwa kimerudishwa. Hayo Tabea alifundishwa na Bibi Susana, jikoni mle mle.

"Nimekosa, mwanangu," alisema Gadiel. "Yaliyopita si ndwele."

Tabea alilitazama jani. Lilitoka kwenye moja ya masale yale kumi na manane. Hasira ilimpanda hadi masikio yakapata moto, naye akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, bila kusema neno. Desturi haidai neno.

"Tumemaliza," alisema Gadiel, akaagiza chai.

Walipoaga aliwapa mkungu wa ndizi, na Lesian akaupakia mbele yake juu ya tangi la pikipiki. Migomba ilikuwa ile ile ya bibi. Tabea aliijua mmoja mmoja.

Kesho yake alikaa tena kwenye kigoda. Alitaja vyanzo vyote viwili, akabadili kumi na sita kuwa kumi na manane. Usomaji wa wiki hiyo ulisema insha isimwache msomaji akining'inia, hitimisho lifunge jambo. Kwa hiyo aliongeza sentensi moja ya mwisho: "Baba mdogo nimemsamehe." Akatuma saa kumi na moja, mapema kabisa.

Ripoti mpya ilikuja Jumatatu. Jumanne ilikuwa imegeuka Jumatano. Insha karibu yote ilikuwa nyekundu, kila neno na mwenyewe, isipokuwa sentensi ile moja iliyobaki nyeupe. Chini yake mtambo uliandika: "Tumetafuta jikoni, chumbani, mpakani na kwa mwandishi. Haijapata kusemwa popote."

Mwalimu Eliud alimpa kumi na nane kwa ishirini. "Vyanzo vimetajwa vizuri," aliandika. "Sentensi ya mwisho ni yako mwenyewe kabisa. Hongera, andika zaidi namna hii."

Tabea aliyasoma maoni hayo akimenya ndizi za ule mkungu, na jani la isale likikauka ndani ya daftari. Kisha akanawa mikono, akafungua usomaji wa wiki ya tano.