Kabla ya Kuvunja Kufuli

Wanzala alikwisha kuuchomeka mtaimbo kwenye kufuli, na watu wa mtaa wa Soweto West walijaa kichochoroni kama maji ya mvua yaliyokosa mtaro. Ndani ya nyumba ile ya mabati mtoto alikuwa amelia mpaka akanyamaza. Kimya hicho kilimtisha Nyawira kuliko kilio.

"Vunja," alimwambia Wanzala, dereva wake. "Tukimtoa tunampeleka makao ya watoto, halafu twende Gatina, kule Kawangware. Huko pia wananingoja."

Siku hizi alisema hivyo kila mlangoni. Tangu afisa mwenzake wa watoto wa Kawangware ahamishwe bila kuletwa mwingine, Nyawira alibeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja. Hakuwa amewachoka watoto. Alichoka kufika mahali roho yake ikiwa imeshaondoka. Nyuso zilikuwa zimeanza kumchanganyikia, akabaki kukumbuka milango.

"Amefungiwa tangu asubuhi, madam," alisema Chege, kijana aliyehamia hapo majuzi, ndiye aliyepiga simu. "Mamake anaenda kufulia watu nguo, anamwacha kama kuku. Mnyang'anye tu."

Nyawira aliinua mkono kumpa Wanzala ishara. Vidole vikagusa bati, na kwa mazoea ya tangu utotoni mdomo ukaitangulia akili.

"Hodi?"

Kichochoro kikatulia.

"Nani?" Sauti ndogo, iliyokwaruzwa na kilio.

"Ni anti Nyawira."

"Mama hayuko. Na mimi siwezi kufungua. Susu ndiye ako na ufunguo."

Wanzala alicheka, kisha akaona haya, akaushusha mtaimbo. Tangu wafike walikuwa wameongea na Chege, na simu, na kufuli. Hakuna aliyekuwa amebisha.

"Susu gani, mami? Nyanya yako?"

"Susu Kalekye wa mandazi. Ameenda maji na hajarudi. Nasikia njaa."

Hata kabla hajaulizwa mtu, umati ulipasuka. Bibi kizee alipita katikati, mtungi wa maji mgongoni, kamba yake imembana kipaji cha uso.

"Mnavunja mlango na mwenye ufunguo anapumua?" Aliutua mtungi, akamgeukia Chege. "Na wewe, mlango wangu unatazamana na wako. Ulishindwa kuvuka?"

"Ningejua aje, shosh?"

"Kwa kuuliza. Mdomo si wa kula mandazi peke yake."

Watu wakaangua kicheko. Kalekye alifungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo, akieleza huku akihangaika na kufuli: kila siku jua likipanda humfungulia Kaluki, humpa uji, hukaa naye kidogo. Leo bomba lilikauka, foleni ikamshika.

Mlango ulipofunguka, mtoto hakuutazama umati. "Susu, na uji?"

Nyawira aliona kitanda kilichotandikwa, mwanasesere wa soksi aliyefunikwa hadi shingoni. Akaketi kizingitini bila kujali sketi ya kazi. Leo angetoka kichochoroni mikono mitupu, na utupu huo ulikuwa mwepesi ajabu.

Uji ulipoletwa, naye akapewa kikombe. Alikunywa nusu ndipo akauliza, "Susu, na moto ukitokea?"

Kalekye aliinua macho kwenye nyaya za umeme zilizopishana juu ya mabati.

"Basi atakuwa anashinda kwangu," alisema. "Ni mtundu huyu. Ataumaliza unga wangu wote akiuchezea."

"Mimi nitamwongelesha mamake jioni."

"Mkaripie, lakini kidogo tu. Huyo hurudi akiwa amechoka."

"Hata mimi, Susu."

"Naona. Maliza uji."

Huko Gatina, wapangaji walikuwa wamejazana kwenye ngazi za ghorofa, kila mmoja akimweleza lake kabla hajafika juu. Wanzala alikuwa ameuacha mtaimbo garini. Nyawira aliwapita taratibu, akasimama mbele ya mlango, akasubiri pumzi yake imfikie.

"Hodi," alisema, akatega sikio.