Glavu za Hariri za Makwezo

Makwezo ni nchi iliyokaa mteremkoni, chemchemi zake zikiwa juu na mashamba yake yakiwa chini, na kati ya juu na chini yalikuwapo malango mia tatu ya maji yasiyolindwa na mtu hata mmoja. Yaliongozwa na mabamba ya shaba. Bamba lililochongwa amri ya kufungua alfajiri na kufunga adhuhuri lilifungua alfajiri na kufunga adhuhuri, miaka nenda miaka rudi. Na bamba lililochongwa vibaya lilitii kosa lake kwa uaminifu uleule. Kwa sababu hiyo wachongaji wa amri walistahiwa kuliko watu wote, na palipopita mchongaji watu walimpisha njia.

Heshima iliyozidi nyingine zote, hata hivyo, ilikuwa ya ajabu kidogo. Mchongaji aliyewapita wenzake kwa ustadi alitunukiwa fahari ya kutochonga tena. Mwalimu wake mwenyewe, mbele ya hadhara, alimvisha glavu za hariri nyeupe na kuzishona kwenye vifundo vya mikono kwa uzi wa dhahabu. Patasi yake ikatundikwa katika Ukumbi wa Fahari, naye akapewa kiti katika Baraza ili awaongoze waliobaki. Ngazi nyingine ya kupanda haikuwapo. Aliyeota mvi akiwa bado na patasi alihurumiwa na jamaa zake, na aliyevaa hariri kisha akagusa patasi alivuliwa kiti. Tangu nchi ianze hapakutokea mtu wa kuuliza kama anayejua kuiamuru shaba anajua pia kukaa na watu.

Hanuna alivaa hariri akiwa na miaka thelathini na mitano, na sasa alikuwa na hamsini na mitatu. Jina lake lilimaanisha mwenye huruma, lakini miaka yake ya kwanza kitini huruma hiyo ilijificha mbali sana. Aliwarudishia wachongaji kazi zao mara tano, mara sita, kwa kuwa hazikufanana na zile ambazo angezichonga yeye, na mtu alipolia mbele yake alitazama dirishani asijue la kufanya. Aliyemwokoa ni Sikivu, mchongaji wa kawaida, ambaye kila asubuhi alipita kumweleza nani anauguliwa, nani amegombana na nani, nani ameshaanza kufungasha vitu vyake. Taratibu Hanuna alijifunza kuuliza, kisha akajifunza kungoja jibu. Sikivu mwenyewe hakupata kutajwa Barazani hata siku moja. Mabamba yake yalikuwa sahihi lakini hayakuwa na mapambo, na kando ya kila bamba aliweka kibamba kidogo cha kueleza sababu ya kila amri, jambo ambalo wakubwa waliliona kuwa ni kujishushia hadhi.

Mwaka huo Baraza lilimchagua Nadra, mwanafunzi wa Hanuna, mwanamke wa miaka thelathini ambaye mkono wake ulikuwa adimu kama jina lake. Hanuna akapelekewa sindano na uzi wa dhahabu katika kisanduku cha msandali. Alikiweka mezani, akakaa akikitazama, na moyo ukamuuma waziwazi, kwa maana alimpenda binti yule na alijua anachokwenda kumfanyia.

Siku moja kabla ya sherehe Nadra alikuja kumwamkia. Alisema mama yake kule Tegemeo, wilaya ya chini kabisa, ameshaalika majirani na kushona nguo. Kwamba kukataa kungekuwa kumvunjia heshima mzazi. Kisha akaitazama mikono ya mwalimu wake.

"Mwalimu, mikono huzoea?"

Hanuna alitaka kumdanganya kwa upole, akashindwa. "Mikono huzoea upesi, mwanangu. Mimi ndiye sijazoea."

Asubuhi ya sherehe ukumbi ulijaa. Uzi ulikwisha tungwa sindanoni alipoingia tarishi kutoka Tegemeo, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaarifu kwamba lango la wilaya yake limekataa kufunguka siku ya tatu sasa, na birika za watu zimebaki na maji ya kufikisha jioni. Bamba la lango lile lilikuwa mashuhuri kuliko yote katika Makwezo: Hanuna alilichonga akiwa na miaka ishirini na minane, mstari mmoja tu uliofanya kazi ya mistari kumi. Wanafunzi walipelekwa kulistaajabia, na kwa kuwa hakuna aliyelielewa, hakuna aliyethubutu kuligusa.

Mzee Jaha, mkuu wa Baraza, alikuwa mtu mwema aliyeipenda mno heshima. Aliamuru sherehe imalizwe kwanza, kwani wageni wamekwisha keti, na baada ya hapo wachongaji waende.

"Ikimalizwa," akasema Hanuna, "mkono pekee unaoweza kulichonga upya bamba lile utakuwa umeshonwa."

Jaha akamkumbusha kwa adabu kwamba desturi haikatizwi. Hanuna akautazama uzi wa dhahabu, akamtazama Nadra aliyekwisha nyoosha mikono yake. Akachukua mkasi uliowekwa wa kukatia uzi, akakata mishono ya glavu zake mwenyewe. Mikono iliyotoka ilikuwa myeupe na dhaifu, na watu wa mbele waliinamisha macho kwa haya.

Walishuka Tegemeo watatu: Hanuna, Nadra na Sikivu. Mbele ya lango Hanuna alilisoma bamba lake, akalisoma tena, na jua likapanda bila ya yeye kulielewa. Alishika patasi, ikamponyoka. Hapo alikaa chini akalia, si kwa ajili ya mikono yake, bali kwa sababu watu walisimama nyuma yake na ndoo tupu, naye aliwaachia fumbo kwa kutaka sifa.

Sikivu alikaa naye chini. Hakumuuliza habari za bamba. Alimuuliza siku ile alipolichonga bamba, lango lilitakiwa limfanyie nani nini. Hanuna akaanza kusimulia: shamba la mtama, mvua za mwaka ule, lango la juu ambalo siku hizo lilifunguliwa kabla ya hili. Alipofika kwenye lango la juu akainua macho kuutazama mteremko. Siku tatu zilizopita lango lile lilibadilishiwa saa, na hili la chini lilikuwa bado linaisubiri saa ya zamani. Alieleza neno kwa neno, Nadra akachonga mistari kumi ya wazi, na Sikivu akaandika kibamba cha sababu. Alasiri maji yakapita, na mama yake Nadra akayakinga kwa nguo yake mpya.

Kesho yake Hanuna alishtakiwa. Jaha alimuuliza kama anaona aibu.

"Ninaona," akajibu Hanuna. "Si ya kugusa patasi. Ninaona aibu ya bamba mlilolisifu miaka ishirini na mitano, kwa maana nililichonga ili nistaajabiwe, na nusura liwaue watu kwa kiu. Nivueni kiti, ndiyo sheria. Ila naomba: Nadra aachiwe mikono yake na apewe heshima yote mliyotaka kumpa, na kitini mumweke anayejua kuwasikiliza watu."

Jaha aliuliza ni nani huyo. Wachongaji wote, bila kuambizana, waligeuka kumtazama Sikivu, naye akageuka nyuma kutafuta anayetazamwa. Jaha alicheka, mara ya kwanza katika kesi yoyote. Hanuna alivuliwa kiti. Sikivu alikikalia mikono mitupu, kwani Baraza zima halikupata mtu wa kukubali kushika sindano. Nadra akapewa cheo kilicholingana na kiti, na patasi yake ikabaki mkononi.

Hanuna aliomba benchi la nyuma, wanapokaa wanaoanza. Miezi mitatu alichonga na kufuta, hata vidole vikaanza kumtii. Bamba lake la kwanza lilikuwa la lango dogo la bustani ya vitunguu. Aliweka kibamba cha sababu kando yake, akampelekea Nadra alikague kama kanuni mpya ilivyotaka.

Nadra alilisoma polepole, akasita, akaona haya.

"Mwalimu, mstari wa tatu una kosa."

Hanuna akainama kuutazama, akaliona, akavuta patasi. "Ahsante, mwanangu," akasema, akaanza kusahihisha, na uso wake siku hiyo ulikuwa na furaha ambayo Makwezo haikuwa imeiona kwa miaka kumi na minane.