Kabati Haliwekwi Ngazini

Mumewe alifia ngazini, akiwa ameshika kabati la watu. Mume huyo na mdogo wake walikuwa wahamishaji samani wa kusifika, na siku hiyo kabati lilikwama kwenye kona. Akalishikilia kimya huku mdogo wake akihangaika kuligeuza. Lilipogeuka, yeye alikuwa ameshakwenda zake.

Mjane aliuchukua mkanda wa kubebea mizigo wa marehemu, akaingia kazini pamoja na shemeji yake, na walimwengu wakasema mpaka wakachoka. Jambo moja tu hakumwambia mtu. Kila alipokanyaga ngazi akiwa na mzigo, alimsikia mumewe akivuta pumzi karibu na sikio lake, ile pumzi ya kujiandaa kubeba. Iliingia. Haikuwahi kutoka. Aliiogopa, akamwomba Mungu amwondolee, na kwenye kila ngazi ikaja tena.

Shemeji yake, ambaye kila mtu alimwita Winchi, kama mashine ya kuinulia mizigo, alikuwa na moyo mbovu kama wa kaka yake. Muuguzi wa kliniki alimweleza mbele ya mjane, akikunja na kukunjua ngumi.

"Ukitembea, misuli inakaza na kulegea, inausaidia moyo kurudisha damu. Lakini ukishikilia kitu kizito bila kusogea, msuli unakaza moja kwa moja, unabana mishipa iliyomo ndani yake. Presha inapanda, moyo unasukuma mlango uliofungwa. Ukibana na pumzi juu yake, unajitafutia kifo. Ukiweza kuongea, unapumua. Ukishindwa kuongea, weka chini."

"Nimesikia, sista," alisema Winchi. Yaliingia sikio hili yakatokea lile. Wahamishaji wana mwiko wao: kabati haliwekwi ngazini. Anayeliweka huchekwa mpaka azeeke. Tena hubeba kimya, ati kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, kana kwamba kuna kondoo aliyewahi kuhamisha kabati.

Asubuhi moja walikwenda kushusha kabati la mwalimu mstaafu kutoka ghorofa ya tatu, la mbao nzito, lenye kioo mlangoni. Mbebaji wao wa tatu alikuwa ameugua. Mjane akataka waahirishe.

"Shemeji, kabati moja tu," Winchi alisema. "Na upande wa chini nakaa mimi. Watu wakikuona wewe chini, nitahama mji."

Kwenye kona, mguu wa kabati ukanasa kwenye reli. Wakabaki wamelishikilia, uzito wote umemwelemea Winchi. Mjane hakumwona. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa kabati tu.

Pumzi ikaingia.

Alingoja, kama kawaida, akijua haitatoka. Lakini safari hii haikuwa sikioni mwake. Ilisikika chini, nyuma ya kabati.

"Winchi!"

Kimya.

"We Winchi! Unajiita winchi, na ndoo ya maji inakushinda!"

Utani wa namna hiyo haukuwahi kukosa jibu. Ukakosa.

"Ndiyo maana wanawake hawakutaki. Nijibu!"

"Wa... wapo," ilisema sauti ndogo. "Foleni."

"Foleni ya kukukimbia. Egemeza ukutani, tuweke."

"Haliwekwi."

"Nani kasema?"

"Kaka."

"Kaka yako yuko wapi?"

Mjane akaligonga kabati kwa paji la uso.

"Nimekuuliza, yuko wapi?"

"Hapa," Winchi alisema. "Namsikia. Kila ngazi."

Muda wote huo mjane alijidhania mwendawazimu, kumbe walikuwa wawili. Alikuwa na maswali ya kujaza nyumba, na hapakuwa na nafasi hata ya moja.

"Basi mwambie mkewe amesema tuweke!"

Kabati likaegemea ukuta, likakaa ngazini kwa kishindo, kioo kikapasuka. Juu, mwalimu akapiga yowe. Mjane akalipanda kabati la watu na viatu vyake, akateremkia upande wa pili. Winchi alikuwa amekaa, uso umepauka, jasho linamchuruzika, kinywa wazi, pumzi zinaingia na kutoka. Akamwekea kiganja kifuani.

"Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Ukipata nguvu, kliniki moja kwa moja."

Winchi akaongea: kuhusu kioo, kuhusu watakavyochekwa. Alipochoka, wakanyamaza. Mjane akasikiliza. Pumzi ya Winchi. Pumzi yake mwenyewe. Akaingoja ile nyingine, akaingoja sana.

"Winchi, unamsikia?"

Winchi akainamisha kichwa, akatega sikio.

"Hapana, shemeji."

Hapo mjane akalia kilio ambacho hakukilia msibani, ameng'ang'ania shati la shemeji yake kwenye ngazi za watu. Mwalimu, aliyekuwa akishuka na ghadhabu zake, alimwona akasimama. Ghadhabu zikamwisha.

"Basi, mama, usilie," alisema. "Ni kioo tu. Kitapatikana kingine."