Kufuli la Bweni

Ritha alikuwa muuguzi wa afya ya akili katika kituo kimoja cha afya huko Miyuji. Tangu shule ya sekondari ya jirani imwingize kwenye kamati yake ya malezi, kila Jumatano alikwenda kuonana na wanafunzi. Alipewa stoo ya vitabu, iliyopakana ukuta na ofisi ya mkuu wa shule.

Mwanne, binti wa kidato cha pili kutoka Kondoa, aliletwa kwake kwa sababu ya kuanguka darasani. Walimu wengine walisema ni mapepo, wengine kwamba anatafuta ruhusa ya kwenda nyumbani. Mlango wa stoo ulipofungwa tu, akaanza kuhema na jasho likamtoka. Ritha akamtoa nje, wakakaa kwenye kivuli cha simtanki la maji, na hapo binti akapata sauti.

Jua likizama, matroni huwafungia wasichana bwenini kwa kufuli, kwa nje, maana kuna wasichana waliwahi kutoroka. Mwanne hukesha akiutazama mlango. Alipokuwa mdogo nyumba yao iliungua, yeye na mdogo wake wakiwa wamefungiwa ndani. Yeye ndiye aliyetolewa hai.

"Usiwaambie, sista," alisema. "Watanitazama kama walivyonitazama nyumbani."

Ritha akaahidi.

Kwenye kikao cha kamati, mkuu wa shule, Mwalimu Cornel, alitaka binti arudishwe kwao mpaka apone. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kubeba mtoto wa watu amezimia. Ritha akashauri kufuli litolewe. Mkuu akauliza kufuli linahusiana vipi na kuanguka. Ritha akisema, amevunja ahadi; akinyamaza, kesho binti anapandishwa basi. Akaomba dakika chache, akaenda kumtafuta Mwanne, akamweleza mambo yalivyo bila kumficha.

"Kwa hiyo sina pa kutokea," Mwanne alisema. Kisha akaongeza, "Waambie habari ya moto. Ya mdogo wangu usiseme."

Ritha alifanya hivyo. Mkuu aliinamisha kichwa, akaamua Mwanne ahamie chumbani kwa matroni, ambako hakufungwi. Kufuli litabaki. Ritha alipouliza bweni likiungua wengine watatokea wapi, aliambiwa alichoombwa ni kumsaidia mgonjwa, na mgonjwa amesaidiwa.

Wiki iliyofuata Mwanne alikuwa analala na haanguki tena. Lakini wenzake walimwita mtoto wa matroni, na bwaloni alikula peke yake. Hakumlaumu Ritha, na hilo ndilo lililomuuma Ritha zaidi.

Jumatano hiyo benchi la nje ya stoo lilijaa wasichana. Mwalimu Cornel alimvuta Ritha kando.

"Umeona sasa, sista? Wote eti hawawezi kupumua. Unawafundisha kuumwa."

"Sijawafundisha, Mkuu. Wamefungiwa."

Mkuu akamkataza kumpokea hata mmoja mpaka kamati ikae. Ritha akampigia simu bosi wake wa kituo cha afya, akajibiwa kwamba mambo ya bweni ni ya watu wa elimu. Angeondoka, lakini wasichana wale wangebaki na mkuu aliyekwisha kuziona sura zao na anayeweza kuwaadhibu. Na akiwasikiliza, huenda yeye mwenyewe asiruhusiwe kurudi.

Akakaa kwenye benchi. Wasichana wakasogea kumpa nafasi, na Ritha akamgeukia wa karibu, amsikilize.