Visiki vya Bibi Kipimo

"Hivi ni visiki, mama," mthamini wa fidia alisema, kalamu yake ikiwa imesimama juu ya fomu.

"Ni mibuni, mwanangu. Nimeikata mwenyewe."

Alipiga magoti amwoneshe. Majirani walimwita Bibi Kipimo kwa sababu hakupanda hata kitunguu bila kamba ya kupimia. Mibuni hiyo mia na ishirini aliipanda na marehemu mumewe. Msimu uliopita, kabla hajasikia habari yoyote ya barabara, aliikata yote usawa wa goti, mkato wa mshazari ili maji yasituame. Mbuni ukichoka hukatwa uchipue. Mwaka wa pili huzaa kama msichana. Kwa ajili ya mwaka huo wa pili, alikuwa akila mara moja kwa siku.

"Unaona? Imeshachipua. Mwakani..."

"Mwakani hapa patapita magari, mama." Hakusema kwa ukali. "Fomu ina mti unaozaa, mche na kisiki. Kisiki ni kuni tu. Kama una miche mahali, nitaiona kesho nikija kupiga picha."

Alipokwenda zake, jirani alichomoza juu ya ua, meno yote nje.

"Dada, si nilikwambia ufundi utakuponza?"

"Na wewe hiyo miche mia tatu umeitoa wapi?"

"Miche gani? Matawi mabichi hayo, ya mibuni yangu! Nimeyachomeka juzi. Mthamini kayahesabu akiwa njiani, viatu visichafuke. Wewe ulikata, mimi nikachomeka, na hawa wanalipa kilichosimama."

"Huo ni wizi."

"Heee! Shamba la miaka thelathini wanakupa bei ya kuni, halafu mwizi mimi?" Akarusha mzigo wa matawi juu ya ua. "Yamebaki hayo. Ukiona haya, kapikie."

Bibi Kipimo aliuacha pale ulipoangukia. Akafagia uwanja, akaosha sufuria lililokwisha kuoshwa. Kwa bei ya kuni angehamia kwenye kibaraza cha mkwewe, na mkwewe alikwisha kuuliza, kwa upole kabisa, angekaa siku ngapi. Kwa bei ya miche angepata kipande cha kuanzia upya.

Alasiri akaufungua mzigo.

Alichomeka tawi moja mbele ya kila kisiki. La kwanza lilikaa upande, akaling'oa, akalinyoosha. Hata uongo aliupanda kwa mstari.

Asubuhi mthamini alitazama safu, akatazama fomu. Usoni mwa mwenye shamba hakutazama.

"Sasa hii ndiyo miche," alisema. Aliinua kamera, kisha akaishusha. "Mama, hicho kijani cha nyuma kinachanganyika na mche kwenye picha. Kitoe."

Lilikuwa chipukizi la kisiki cha kwanza, urefu wa shubiri mbili, nene, jekundu kidogo shinani. Katika yote mia na ishirini, hilo lilitangulia. Bibi Kipimo aliweka ukucha pale pale ambapo mkulima huuweka anapopunguza machipukizi dhaifu, akakata.

Kamera ikalia.

"Safi. Twende unaofuata."

Mthamini alisogea hatua mbili, akasubiri. Bibi Kipimo alibaki na chipukizi kiganjani, akitafuta ardhini mahali pa kuliweka.