Hakuna Anayejimiminia

Bongnye aliapa kwamba mumewe hatakufa kwenye theluji. Kufa atakufa, hakuna aliyepewa mkataba na dunia, lakini si barabarani, si kama Bwana Cho. Bwana Cho walimkuta asubuhi kando ya daraja, amejikunja, theluji imemfunika mpaka masikioni, na mfuko wa machungwa aliyowanunulia wajukuu bado ameushika. Jioni ile alikuwa amekunywa meza moja na Pilgyu, mume wa Bongnye. Tofauti yao ni kwamba Pilgyu alianguka mapema, mlangoni pa msusi, na msusi akapiga simu.

Wote wawili walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Mgodi ulipofungwa, mji ulibaki na mapafu mabovu na kiu. Wachimbaji walikuwa na imani yao: vumbi la makaa haliondoki kooni kwa maji, linaondoka kwa nyama ya nguruwe yenye mafuta na soju, ile pombe nyeupe ya chupa za kijani. Mgodi ukafa, vumbi likaisha, dawa wakaendelea nayo. Bongnye alishalia, alishanuna, alishaficha viatu. Sikio la kufa halisikii dawa. Basi akawaza: kama ni kunywa, anywe ndani, juu ya sakafu yenye joto, macho yangu yakimwona.

Akaanza kujaza nyumba. Kwenye friji ya kimchi alitoa madumu ya kabichi iliyochachushwa, akayapanga ubarazani kwenye baridi, na nafasi yao akaiweka bia. Soju aliiweka chini ya sinki, mahali palipokuwa pa mchele. Sebuleni alisimamisha kabati la vioo alilolipata kwa jirani aliyehamia kwa mwanawe, akalifuta vumbi, na ndani akapanga wiski ambazo Hyangmi, binti yao wa pekee, alikuwa akizituma kutoka Seoul. Hyangmi alifanya kazi na kampuni ya watalii, akipita viwanja vya ndege kila mwezi. Ndio watoto wa siku hizi hao: mwenyewe haji, anatuma chupa.

Mama Gapsu, mwenye duka la chini ya mlima, alileta kreti za kwanza kwa kigari chake, akihema.

"Dada, unafungua baa au unaoza mtoto?"

"Naoza mzee."

"Na huyo nani atamchukua? Nasikia anakoroma."

Bongnye alicheka. Alikuwa na raha siku ile, raha ya mtu aliyepata njia baada ya kugonga ukuta muda mrefu. Alikaanga tofu, akachoma ngisi mkavu juu ya moto wa jiko mpaka akajikunja, akamwaga karanga kwenye sahani, na jua lilipozama akamkalisha mumewe mbele ya meza fupi.

Pilgyu aliangalia chupa, akaangalia kabati, akamwangalia mkewe. Uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyesamehewa kabla ya kukiri.

"Nani atanimiminia?" akauliza.

"Kwani mikono huna?"

"Mama Hyangmi, wewe umezaliwa nchi gani? Mtu hajimiminii. Anayejimiminia anamletea nuksi aliyekaa mbele yake. Unaitaka hiyo nuksi?"

Bongnye akashika chupa kwa mikono miwili, akammiminia. Pilgyu akanywa kwa mkupuo, akakung'uta kikombe, kisha akamnyoshea mkewe kikombe kilekile.

"Pokea."

"Mimi? Sinywi mimi."

"Nikinywa peke yangu ni ulevi. Tukinywa wawili ni maongezi. Pokea, mkono unaniuma."

Kwa Bongnye pombe ilikuwa kitu cha matambiko, tone moja linalobaki baada ya wafu kula. Alipokea kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni kama mdogo anywavyo mbele ya mkubwa, akameza. Koo liliwaka, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Polepole," Pilgyu akacheka. "Si supu hiyo."

Basi kikombe kikawa kinakwenda na kurudi. Na hapo likatokea jambo ambalo Bongnye hakuwa amelipangia. Mumewe, ambaye kwa miaka thelathini alirudi kutoka kazini mweusi na bubu, alianza kuzungumza. Alimsimulia siku handaki lilipoporomoka, na jinsi alivyomsikia mwenzake akiimba upande wa pili wa mwamba, anaimba, anaimba, mpaka wimbo ukakatika katikati. Bongnye alikuwa amezifua nguo za siku ile bila kujua amefua nini. Alilia, Pilgyu naye akalia, wakashikana mikono juu ya maganda ya karanga. Tuseme kweli: alimpenda mumewe mbele ya kabati lile kuliko alivyompenda siku ya harusi.

Majirani wakamsifu. Wake za wachimbaji walimwita kwenye ukumbi wa wazee awaeleze. "Bongnye amemfuga simba wake," wakasema, na wawili wakanunua makabati. Theluji ile ikayeyuka, nyingine ikaja, na Pilgyu hakuanguka tena mlangoni pa mtu.

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Bongnye alianza kuisubiri jioni. Akaanza kuiandaa mapema. Halafu ikawa kwamba anapotia bia kwenye friji anaonja kama imepoa, na soju anaionja kama haijaharibika, ingawa soju haijawahi kuharibika tangu dunia iumbwe. Ikafikia kwamba asubuhi, mumewe akiwa bado amelala, anajimiminia kikombe jikoni, amesimama, na mbele yake hakuna mtu wa kupata nuksi ila sufuria. Alijiambia ni kwa ajili ya baridi. Mwezi wa nne ulipofika na maua yakachanua, akajiambia ni kwa ajili ya magoti.

Mwezi huohuo Pilgyu alitapika damu. Kwenye hospitali ya mjini walimlaza, wakamtundikia maji na dawa za kumtuliza, na daktari, kijana asiyepamba maneno, akamwambia: "Mzee, ini lako limekwisha. Ukirudia, mkeo atakuwa mjane kabla ya mavuno."

Pilgyu akaacha. Ndivyo walivyo watu wa mgodini. Mwamba ukigoma wanageuka, hawabishani nao. Alirudi nyumbani amekonda, akakaa sebuleni na kusema, "Mama Hyangmi, toa vyote. Hizo za mtoto kwenye kabati ziache, ni pambo. Sitazigusa."

Kreti zikarudi kwa Mama Gapsu. Mji mzima ukajua Pilgyu ameacha, na mji mzima ukamhesabia mkewe thawabu. Hapo ndipo mtego ulipombana Bongnye. Angekwenda vipi dukani kununua chupa, wakati kila anayekutana naye anamshika mikono na kumpongeza? Zikabaki zile za kabatini. Alizifungua taratibu, moja baada ya nyingine, mumewe akiwa matembezini, na kila alipokunywa alijazia kwa chai ya shayiri, ile chai ya kahawia ambayo kila nyumba hunywa badala ya maji. Rangi ikafanana kabisa. Juani ilimetameta vizuri kuliko wiski yenyewe. Majira ya baridi yalipoanza, kabati zima lilikuwa la chai, na Bongnye alikuwa hajapata tone la pombe tangu juzi.

Akiwa katika hali hiyo, Jumapili moja Hyangmi alimleta mchumba wake. Aliitwa Wonjae, mpole, mwenye miwani, aliyepiga magoti akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Pilgyu alifurahi kupita kiasi. Akasimama, akafungua kabati.

Bongnye alitoka jikoni mbio. "Baba Hyangmi, unafanya nini?"

"Mkwe hapokelewi kwa maji. Mimi nitanusa tu."

"Acha! Daktari alisema nini?"

"Alisema nisinywe. Hakusema nisimimine."

Akachagua chupa kubwa kuliko zote, akammiminia kijana. Wonjae akapokea kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, akanywa. Kisha akabaki hivyohivyo, uso pembeni.

"Vipi, kali?" Pilgyu akauliza.

"Ni... ni laini sana, baba."

Pilgyu akanusa chupa. Akaonja. Akafungua ya pili, akafungua ya tatu. Bongnye alisimama na sinia la chapati za vitunguu, akisubiri paa limwangukie.

Paa halikuanguka. Pilgyu alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Mnamwona mama yenu?" akasema. "Siku moja mchana niliishika hii. Nilikuwa nimeshika kifuniko kabisa. Nikamkumbuka, nikairudisha. Kumbe alikwisha kunitangulia! Alimwaga zote, akanitilia chai, asije akanizika. Na hakusema neno!"

Hyangmi akamkumbatia mama yake, akalia begani mwake. Wonjae akavua miwani na kuifuta. Bongnye alitamani kusema. Maneno yalikuwa tayari, yalikuwa machache, na pale walikuwapo watu watatu ambao wangemsaidia. Lakini sifa ni kufuli. Akasema, "Kuleni, chakula kinapoa."

"Kwanza mama apewe," Pilgyu akasema, akajaza kikombe chai, akamnyoshea. Bongnye akapokea kwa mikono miwili. Kikombe kikaanza kugongana na pete yake, ti-ti-ti-ti, chai ikamwagika mezani, na kadiri alivyokaza ndivyo kilivyozidi. Hyangmi akadhani ni machozi ya furaha. Pilgyu hakudhani kitu. Aliitazama mikono ile, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo. Akakichukua kikombe.

"Amechoka huyu," akawaambia wageni. "Tangu alfajiri yuko jikoni."

Walikula, wakacheka, na baada ya chakula vijana wakaondoka na gari lao. Pilgyu alifunga mlango.

"Nionyeshe mikono."

"Ni baridi tu."

"Mama Hyangmi, mimi si daktari, mimi ni mlevi. Naijua hiyo. Tangu lini?"

Bongnye akaificha mikono kwapani. Jasho lilimtoka shingoni, na meno yalikuwa yanagongana. Pilgyu aligusa paji la uso la mkewe, akavuta pumzi ndefu.

"Mimi waliniachisha kwa dripu," akasema. "Kuacha hivihivi kunaua, nimeona wodini mtu akijing'ata ulimi. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Leo ngoja." Akavaa koti, akatoka.

Haikupita muda simu ikalia. Alikuwa Mama Gapsu, anafoka: "Dada, mumeo yuko hapa dukani anachukua soju! Namuuliza, umeanza tena? Ananijibu ndiyo, nimeanza, nifungie! Mbele za watu! Baada ya yote uliyomfanyia! Mwanaume hana haya huyu. Nije?"

"Usije," Bongnye akasema, akakata.

Pilgyu alirudi na theluji mabegani. Akakaa mbele ya mkewe, akaifungua chupa ya kijani, akammiminia kwa mikono miwili.

"Kunywa, utulie. Ni mimi niliyekufundisha. Dhambi ni yangu."

Bongnye alikinywa bila kugeuza uso. Joto likashuka, mikono ikaanza kumsikia. Pilgyu akammiminia cha pili, na safari hii mkono uliotetemeka ulikuwa wake. Kikombe kikafurika, pombe ikamtiririkia kidole gumba.

Bongnye alikunywa hicho pia. Alipokishusha kikombe, alimwona mumewe akikitazama kidole chake. Alikitazama muda mrefu. Kisha akakitia mdomoni, akafumba macho.

Neno lilimjia Bongnye mpaka kwenye ulimi: acha, utakufa. Lakini kikombe chake kilikuwa kitupu, na chupa ilikuwa mkononi mwa Pilgyu. Akakinyosha kikombe, ajaziwe.